Pole ya Mpira

Mashindano yakiisha, mtu wa mpira huwa kama mgonjwa aliyeruhusiwa kutoka hospitali: mzima, lakini hajui aanzie wapi. Fainali ilichezwa Jumapili, kombe likaenda lilikokwenda, na Jumatatu jioni, saa ileile niliyozoea kuwasha televisheni, nilijikuta nimesimama sebuleni na rimoti mkononi nikisikiliza taarifa ya bei za mazao. Mke wangu alipita na beseni la nguo, akaniangalia, akasema, "Si uende hata ukapalilie."

Kupalilia! Mwezi mzima mahindi yetu yalikuwa yanapambana na magugu peke yao, na mimi nilikuwa na sababu nzuri isiyopingika: taifa linacheza. Sasa taifa halichezi, na magugu yamefika kiunoni.

Niseme mapema kwamba mimi si shabiki mtulivu. Wale wanaotazama mpira wamekunja nne, mwisho wanasema "aliyestahili ameshinda," hao siwaelewi na sitaki wanieleweshe. Kocha wetu nilimfukuza kazi mara nne katika mashindano haya ya Afrika, na mara mbili nikamrudisha kabla ya mapumziko. Yule beki wetu wa kushoto nikikutana naye siku moja pale stendi ya Babati nitamnunulia soda kwanza, kisha nitamwuliza kwa upole alikuwa anakwenda wapi katika dakika ile ambayo sote tunaijua.

Mjini mambo yalirudi kawaida haraka mno. Asubuhi ya Jumatatu nilipita sokoni nikakuta bodaboda wameshavua bendera kwenye pikipiki zao, na mabishano yamerudi kwenye zile klabu zetu mbili kubwa. Watu waliokumbatiana mwezi mzima ndani ya jezi moja walikuwa wanaitana majina tena. Ningeweza kuyavumilia hayo yote. Lililonisumbua lilikuwa jingine, dogo, ambalo mtu mzima anaona haya hata kulitaja. Mashindano yalipoisha niliishiwa njia ya kuzungumza na jirani yangu. Na nilikuwa na neno moja la kumwambia, neno nililolichelewesha miaka miwili.

Nianze na salamu, maana ndiko nilikoharibu.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi. Maamkizi nayafundisha kila mwaka: mdogo humpa mkubwa shikamoo, mkubwa huitikia marahaba, walio sawa huulizana habari. Watoto wanaitikia kwa pamoja, naweka vema kwenye madaftari, tunasonga mbele. Basi, nilipohamia Nangara miaka sita iliyopita, asubuhi ya kwanza kabisa nilikutana njiani na mama wa nyumba ya pili akiswaga mbuzi wake wawili. Alikuwa amejifunika mtandio mpaka kwenye nyusi kwa sababu ya baridi, anatembea polepole, mgongo umeinama. Mimi nimelelewa Dareda na mama aliyeamini kwamba shikamoo haijawahi kumwua mtu; ukiwa na shaka, toa. Nikaitoa, tena kwa sauti ya darasani.

Alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwani. "Marahaba," akasema, lakini kwa namna ambayo hata mbuzi walisimama.

Jumamosi ile mke wangu alirudi kutoka jumuiya, ile sala tunayosali majirani kwa zamu nyumba hadi nyumba, ameshika mbavu kwa kucheka. "Umemfanya nini jirani? Anauliza huyo mwalimu mwenye mvi anayempa yeye shikamoo ni nani. Unajua unamzidi miaka miwili?" Kumbe siku ile alikuwa ameteguka kiuno kwa kunyanyua gunia la maharage. Mgongo umepinda kwa maumivu, mimi nikausoma kuwa ni uzee.

Kesho yake nikajirekebisha. Nilipomwona tu, nikamwambia kwa uchangamfu wote, "Habari za asubuhi!" Hapo ndipo nikaharibu kabisa. Aliitikia "nzuri" bila kugeuka, na kabla jua halijazama mke wangu alikuwa ameniletea majibu: "Anasema juzi ulimheshimu, leo umemvua heshima, kwani hapo katikati amekukosea nini?"

Mtu atasema ningekwenda tukacheka yakaisha. Ni kweli. Usipoziba ufa utajenga ukuta, hiyo ni methali nayo nimeifundisha, na mimi nilijenga ukuta mzima nikaupiga na lipu. Nina kiburi cha walimu. Nikisahihishwa mara mbili katika wiki moja, nanuna. Nikaanza kutumia njia ya nyuma inayopita kwenye migomba. Tukikutana kanisani, naikazia macho altare kwa uchaji ambao padri mwenyewe angeushangaa.

Cha ajabu ni kwamba na mume wake tulielewana tangu siku ya kwanza. Alikuwa dereva wa lori mstaafu, mkubwa wangu bila ubishi, na shikamoo yake haikuwa na utata wowote. Kati ya viwanja vyetu kuna ua wa michongoma uliosongamana kiasi kwamba hata kuku hapenyi, na mzee yule alikuwa na kawaida ya kuketi upande wake na redio, mimi upande wangu, tukabishana mpira bila kuonana sura. Alikuwa anaamini hakuna mchezaji wa sasa anayejua kupiga kona. Nilikuwa nampinga kwa kanuni tu, maana moyoni nilikubaliana naye. Yule mzee nilimpenda sana.

Alifariki miaka miwili iliyopita, wakati wa masika. Nilikwenda msibani kama watu wote, nilishika koleo makaburini, siku zote tatu niliketi nje na wanaume. Siku ya kuzika tulipanga foleni kuingia ndani, ambako mjane ameketi mkekani na wanawake, kumpa mkono wa pole. Nikiwa kwenye foleni nikaanza kujiuliza: nikifika mbele yake naanzaje? Mtu huwezi kumwingia mwenzako na pole kavukavu, lazima salamu itangulie. Nitoe shikamoo, siku kama ya leo? Nimwulize habari, mtu aliyefiwa, habari gani? Walipobaki watu watatu mbele yangu, nikatoa simu mfukoni, nikajifanya inaita, nikatoka nje nikiongea na mtu asiyekuwepo.

Nikasema nitampa kesho. Kesho nikamwambia mke wangu amfikishie pole zangu. Mke wangu hakucheka siku hiyo. "Pole haitumwi kama chumvi," alisema, akaniacha nimesimama. Baada ya wiki mbili nikaona muda umeshapita, na baada ya hapo nikawa namkwepa yule mama kana kwamba yeye ndiye aliyenikosea mimi.

Ndivyo tulivyokuwa mpaka mashindano yakaanza, shule zimefungwa, mvua za vuli zinapiga, na mimi niko nyumbani na king'amuzi nilichokilipia mapema kwa mara ya kwanza katika maisha yangu.

Mchezo wetu wa kwanza nilikaa sebuleni, dirisha wazi. Dakika kama ya kumi na tano hivi, mpira umetoka nje, mchezaji wetu anautafuta akaupige wa kona, bado hata hajaukamata, nikasikia upande wa pili wa michongoma: "Gooooli! Goli, Mama Maria, goli!"

Nikaangalia kioo. Mchezaji wetu ndiyo kwanza anaupanga mpira pale kwenye kibendera.

Wenye redio wanajua jambo hili na wenye ving'amuzi tunaona aibu kulikiri. Picha inapanda mbinguni kwanza, inashuka kwenye dishi, inajipanga ndani ya king'amuzi, na ikikufikia mwenye redio ameshashangilia ameshatulia. Nilipandwa na hasira. Nimelipia picha, halafu goli la nchi yangu nisimuliwe na michongoma! Nikatoka mbio mpaka kwenye ua.

"Nani kafunga?" nikapaza sauti.

Ndipo nikagundua nimefanya nini. Miaka sita sijamsemesha yule mama zaidi ya maneno mawili yale yaliyoharibu, na sasa nimemfokea bila shikamoo wala habari.

"Rudi ndani, Mwalimu," sauti ikajibu taratibu. "Utamwona mwenyewe."

Nikarudi mbio, nikamwona mwenyewe. Alikuwa yule yule niliyesema asipangwe.

Hapo nikagundua uzuri wa mpira ambao miaka yote sikuwa nimeuona: hauna maamkizi. Mpira ukichezwa, mtu usiyemjua anakurukia shingoni, hakuna anayeuliza umezaliwa mwaka gani. Mchezo wa pili nilisogeza kiti mpaka mlangoni. Mchezo wa tatu kiti kilikuwa nje kabisa, kwenye ua, nimeigeuza televisheni itazame mlango, sauti nimeizima. Mke wangu alikuja akatazama mpango huo, akauliza kama ninaumwa. Nilimwambia ni mbinu.

Na ilikuwa mbinu kweli. Nilianza kuusoma mchezo kwa sauti ya jirani kabla picha haijafika. Akisema "Yesu wangu" mara moja, tumekosa. Akisema mara mbili, wametukosakosa wao. Akikaa kimya kabisa, nafumba macho, maana najua kinachokuja na sitaki kukiona. Wakati mwingine nilimwomba asiniambie, naye akajitahidi, nikasikia amejiziba mdomo na khanga, ikawa vibaya zaidi.

Redio ilikuwa ile ile ya mzee. Niliitambua kwa mkwaruzo wake.

Mapumziko tulikuwa tunaongea, kila mtu upande wake. Niligundua anaujua mpira kuliko nusu ya walimu wenzangu. Aliona mapema kwamba winga wetu anachoka dakika ya sitini, aliona kipa wetu anaogopa mipira ya juu. Siku moja nikamwuliza amejifunzia wapi yote haya.

"Miaka thelathini nimesikiliza mpira bila kutaka," alisema. "Nasonga ugali, mpira. Nachambua maharage, mpira. Nilikuwa namwambia, mzee, zima hilo dude tusali. Sasa nautaka, wa kunieleza hayupo."

Mlango ulikuwa wazi kabisa pale. Mtu yeyote mwenye akili angesema lile neno. Mimi nikakohoa, nikasema, "Huyu namba sita leo anacheza nyuma sana."

"Anacheza nyuma sana," alikubali, na kipindi cha pili kikaanza.

Tulifika mbali kidogo kuliko tulivyozoea, kisha tukatolewa. Sitasimulia tulivyotolewa, kila Mtanzania anao mkasa wake wa siku ile na hataki kusikia wa mwingine. Nilisikia jirani amenyamaza. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua, goli lilikuwa limeshaingia hata kwenye televisheni yangu, wenzetu wanakumbatiana, na yule beki wa kushoto ameshika kiuno. Filimbi ya mwisho ikapigwa. Nilikaa pale kwenye kiti. Nina mvi, nina watoto wakubwa, na nilikuwa nataka kulia kwa ajili ya mpira.

"Pole, Mwalimu," sauti ilisema kutoka upande wa pili.

Alilisema hivihivi tu, kwa upole, bila utangulizi wowote.

"Asante," nikajibu. "Nishapoa."

Nikainuka, nikabeba kiti changu ndani, na chakula cha jioni hakikushuka. Mke wangu alidhani ni kwa sababu ya kufungwa, nikamwacha adhani hivyo. Sisi hatuna maneno mawili kwa jambo hili. Mtu akijikwaa, pole. Akibeba mzigo mzito, pole. Akiwa na homa, pole, na akifiwa, ni neno hilohilo, huongezi hata herufi. Ninalifundisha. Na mwanamke yule alikuwa amenipa mimi pole kwa timu iliyotolewa, kwa watu wazima kumi na moja ambao hawajui hata kama nipo, wakati mimi sikumpa yeye pole kwa mume aliyeishi naye miaka thelathini, kisa nilikosa pa kuanzia. Niliona aibu, aibu ya kweli, ile ya kutotaka kujitazama kwenye kioo wakati wa kunyoa ndevu.

Tungeweza kuacha kusikiliza baada ya hapo, nchi ikishatoka mtu ana haki ya kuzima. Lakini mchezo uliofuata nilisikia redio inawashwa, nikatoa kiti. Tuliendelea hivyo, robo fainali, nusu fainali, tukishangilia nchi ambazo hatutazifika kamwe. Tulichagua za kushabikia kwa sababu za ovyo kabisa. Yeye alichagua moja kwa sababu mtangazaji alisema kocha wao amempoteza mama yake, mimi nikachagua nyingine kwa ajili ya kumpinga. Kila mara nilijiambia, leo mapumziko namwambia. Kila mapumziko nikaongelea kona.

Fainali ikaisha. Watu wakapiga kelele kwenye redio yake, na pumzi chache baadaye wakapiga kelele kimyakimya kwenye televisheni yangu. "Basi," alisema, "yameisha."

"Yameisha," nikasema.

Nikasikia redio imezimwa.

Sasa mnaelewa kwa nini Jumatatu nilikuwa nimesimama na rimoti sebuleni kama niliyepotea. Jioni ile nilitoka mpaka kwenye michongoma, nikasikia kwake sufuria, nikasikia mbuzi, nikafungua mdomo. Hakuna mpira. Bila mpira nilikuwa yule yule wa njiani, na salamu zangu mbili mbovu mkononi. Wiki inayofuata shule zinafunguliwa, nitarudi kuondoka alfajiri na kurudi jioni kwa kupitia migombani, na mwaka mwingine utapita. Mashindano mengine yako mbali. Katika umri wetu mtu hapangi mambo kwa mashindano yajayo.

Jumanne mchana nikavaa shati safi. Mke wangu aliniuliza ninakwenda wapi, nikasema kwa jirani. Aliweka chini alichokuwa ameshika, lakini hakusema kitu, na namshukuru kwa hilo.

Nilizunguka kwa njia ya mbele, ile ya watu wote. Hodi nilipiga mara tatu kama inavyotakiwa. "Karibu," alisema, na nikaingia uani kwake kwa mara ya kwanza tangu msiba. Alikuwa ameketi mbele ya jiko na ungo mapajani, anachambua maharage. Mwezi huu wote nilikuwa naisikia sauti tu. Sura nilikuwa nimeanza kuisahau. Hakuonekana mzee hata kidogo. Sijui siku ile niliona nini.

Alisubiri salamu. Nilimwona anaisubiri, na pembeni ya mdomo wake palikuwa na kicheko kilichojiandaa kwa yoyote nitakayoitoa. Sikutoa hata moja.

"Pole," nikasema.

Kicheko kikatoka. "Ya mpira tena, Mwalimu? Si tulishapoa?"

"Ya mzee."

Mikono yake ikasimama kwenye ungo. Mimi nikaanza kumwaga maneno, yote yaliyokaa miaka miwili, bila mpangilio ambao ningemkubalia mwanafunzi. Nilimwambia nilikuwepo siku ile. Nilikuwa kwenye foleni, nilikaribia kabisa, ila tu—

"Nilikuona," alisema.

Nikarudi nyuma hatua moja.

"Walibaki watatu mbele yako. Ukatoka na simu." Aliangalia maharage. "Simu yenyewe umeishika kichwa chini, miguu juu. Siku ile yote sikuwa nimecheka, Mwalimu, na pale kidogo nicheke."

Sikujua niangalie wapi, nikaangalia mbuzi. Nikamwambia ninaomba radhi. Nikamwambia yule mzee nilimpenda, na kwamba kuhusu kona alikuwa amesema kweli siku zote, na sikuwahi kumkubalia hata mara moja.

Aliokota kijiwe katika maharage, akakitupa mbali.

"Siku ile walinipa pole watu mia," alisema. "Wote niliwajibu nishapoa. Ndivyo tunavyojibu. Walipoondoka, hakuna aliyeuliza tena." Akanitazama usoni. "Sijapoa, Mwalimu. Bado kabisa."

Akasogeza kigoda kwa mguu kuja upande wangu, na mimi nikakaa.